Mwani wa Mzazi Haukunjwi

Mdogo wangu kajifungua Oktoba, Busan, Korea Kusini, mtoto wa kiume kilo tatu na nusu, na mie dada mtu sikuwa na pa kukwepea. Mama kwenye simu aliuliza swali moja tu, "nani atamkanda?", basi likizo yangu ya mwaka mzima ikaishia hapo. Visa, nauli, Dar mpaka Addis, Addis mpaka Incheon, alafu treni ya kasi masaa mawili na nusu na ushee mpaka huku kusini baharini. Begi nimejaza pilipili manga, mdalasini, tangawizi kavu ya uji, kanga nne za kumfunga tumbo. Nimekuja kumlea mzazi. Nikakuta nafasi ishajazwa.

Mwenye nafasi ni Halmoni. Halmoni ndo bibi kwa Kikorea, na tokea mtoto azaliwe hakuna anayemwita jina jingine pale nyumbani, hata shemeji yangu anamwita mamake Halmoni, kama kwetu tu Mama alivyokuwa "Bibi" hata kwa muuza mkaa. Na mie nikapewa cheo changu siku ya kwanza: keun imo. Imo ni ndugu wa kike wa mama, keun ni kubwa. Mama mkubwa! Nilimfanya shemeji arudie mara tatu. Na shangazi ana neno lake mwenyewe, gomo, huwezi kuwachanganya. Nimekaa miaka kumi na watu wa mashirika wananiuliza "anti wa upande gani" nikawa nachoka kueleza, kumbe kuna watu huku mwisho wa dunia hawahitaji maelezo.

Halmoni ana miaka sitini na sita, mfupi, nywele kazitia mawimbi kama wanawake wote wa rika lake mjini humu. Ni Mbudha. Shemeji alisilimu kabla ya nikaha na nasikia mamake alilia siku mbili, siku ya tatu akauliza ni nyama gani hairuhusiwi, na leo ana sufuria lake la pembeni ambalo nguruwe hajawahi kulisogelea. Kiingereza hajui. Kiswahili anajua maneno matatu, "asante", "pole" na "lala". Siku niliyofika nikamkuta anamgombeza mdogo wangu kwa kutembea bila soksi, mzazi hakanyagi chini na miguu mitupu, baridi itamwingia kwenye mifupa aje aijutie uzeeni, maneno ya Mama yale yale, ila hapa sakafu yenyewe inapashwa moto kwa chini, wanaita ondol, ni ya moto kiasi cha kuanikia mwani. Nikasema huyu tutaelewana.

Sasa Jumamosi hiyo mtoto ana siku thelathini na moja. Sisi tunahesabu arobaini, wao wanahesabu siku mia, kila upande na kalenda yake. Asubuhi Halmoni kafungua kabati la jikoni, katoa mfuko mrefu mtupu, kaukung'uta mbele yangu. Mwani umekwisha. Kutoka chumbani nikamsikia mdogo wangu akisema "alhamdulillah", tena kwa sauti ya chini kabisa.

Maana huku mzazi ndo chakula chake hicho. Supu ya mwani, miyeok-guk, huo mwani wenyewe wanauita miyeok, unatamka kama "miyok". Asubuhi, mchana, usiku, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanasema unasafisha damu na kuleta maziwa. Alafu kila siku ya kuzaliwa kwako maisha yako yote unakunywa supu hiyo hiyo, kwa sababu ndo aliyokunywa mama yako siku ulipotoka. Mdogo wangu kashakunywa kwa mwezi mzima na anasema akikohoa anasikia harufu ya Jambiani.

Hapo naomba nisimame kidogo, nyie ambao si wa pwani ya mashariki ya Unguja mnaweza msinielewe. Sie tumekuzwa na mwani. Kilimo chenyewe cha biashara kilianza kwetu 1989, huko huko Paje na Jambiani, na Mama alikuwa katika wanawake wa mwanzo mwanzo kuingia maji yakitoka, anapiga vigingi, anafunga kamba, anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, moja moja, bamvua kwa bamvua. Sare zetu za shule ni mwani, bati la nyumba ni mwani. Lakini kuula? Nani ale? Tunaanika, tunatia viroba, mnunuzi anakuja na mzani wake ambao kila siku una matatizo, unapanda gari unaenda zako. Tuliambiwa unatolewa kitu cha kugandisha, unaingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu huko Ulaya. Utotoni nilikuwa naitazama dawa ya meno nikijaribu kuuona mwani wa Mama humo ndani.

Basi, mwani umekwisha, Halmoni anaenda mjini kuununua, na kanionyesha kidole: wewe, koti, twende.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Nataka niwaambie jambo kuhusu saa yangu ya mkononi. Sikuirekebisha tokea Dar, si kwa makusudi, nilisahau, na Korea wako mbele yetu masaa sita kamili. Mjini Busan ni saa mbili asubuhi, mishale ya saa yangu iko kwenye 2. Saa nane mchana, mishale iko kwenye 8. Yaani nchi nzima ya Korea, bila wenyewe kujua, ndo mahali ambapo saa ya Mswahili inasema Kiswahili. Nilipogundua hilo kwenye treni ya chini ya ardhi nilicheka peke yangu, Halmoni akanitazama, sikuwa na namna yoyote ya kumweleza.

Tukashuka Jagalchi. Wanasema ndo soko kubwa la samaki kuliko yote Korea na mie sina sababu ya kubisha. Kuna jengo kubwa la kisasa lakini utamu uko nje, kwenye vichochoro, wanawake wamekaa nyuma ya mabeseni mekundu, gambuti, aproni za mpira, mipira ya maji inatiririka usiku na mchana. Ukuta una maneno ambayo shemeji alikuwa kashanifundisha kwa lafudhi ya Busan, oiso, boiso, saiso: njoo, tazama, nunua. Wanawake wa hapa wana sifa nchi nzima kwa sauti na ukali. Wengi wa mwanzo walikuwa wajane na wakimbizi wa vita vya 1950, waume wamekufa au wamepotea, bahari ipo, wakakaa chini wakauza samaki. Unawaita imo, hata kama humjui. Mama mdogo, nipe vibua viwili. Unaona?

Tukaanza na kula. Halmoni haamini kwamba mtu anaweza kutembea na njaa, kwanza mtu anatiwa chakula, alafu ndo anaulizwa habari. Kijimgahawa cha samaki wa kukaanga, bibi wa pale ana kikaango kipana kama sinia la harusi na amepanga humo kibua, samaki mwembamba mrefu kama mkanda, na mwingine bapa, anawageuza bila kuwatazama. Kibua ndo samaki rasmi wa jiji la Busan, walimchagua kabisa, serikali. Sikujua jiji linaweza kuwa na samaki. Zikaja na zile sahani ndogo ndogo wanazoita banchan, mie nilihesabu tisa, kimchi, yaani kabichi lililochachushwa, mchicha wenye ufuta, viazi vitamu, tudagaa twa sukari na pilipili, na zote hulipii, ukimaliza unaongezewa. Tatizo ni kwamba Halmoni ananitolea miba. Nina miaka arobaini na mbili, nimezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini, na mama wa watu anachambua minofu ya kibua ananiwekea juu ya wali wangu kwa vijiti, huku anatazama pembeni kama vile si yeye. Nikaacha. Utafanyaje.

Tulivotoka hapo ndo likatokea la pweza.

Pweza wa Jagalchi wanauzwa hai, wanatembea ndani ya beseni, na kuna mmoja alishachoka na maisha hayo. Namwona anapanda ukingo, mkono mmoja nje, miwili, mwenye beseni kageuka anahesabu chenji. Akadondoka chini akaanza safari kuelekea kwenye mfereji. Jamani, sikufikiri. Mwili wenyewe ndo ulikwenda. Nikainama nikamkamata pale chini ya kichwa, kidole kinajua pa kwenda, na mkono wa pili tayari ushaanza kumpindua kichwa kama soksi, ndo tunavyowaua kwetu tukitoka kuchokoa, hapo hapo nikakumbuka, huyu anauzwa hai, akifa kashuka bei. Nimesimama katikati ya soko na pweza kanikumbatia mpaka kwenye kiwiko, koti la kuazima linavuja, nawatazama wamama kumi wa Jagalchi na wao wananitazama.

Kelele iliyofuata sijui ilikuwa inasema nini lakini ilikuwa nzuri. Mwenye pweza akambandua mkono mmoja mmoja, pwap, pwap, pwap, akamrudisha. Alafu akanishika kiganja akakigeuza juu chini kama mtu anayekagua samaki, akamwambia Halmoni kitu. Na Halmoni, ambaye mpaka hapo alikuwa anatembea mbele yangu hatua tatu kama askari, akaanza kuhadithia, anaonyesha bahari, anaonyesha mie, anafanya ishara ya kufunga kamba. Kumbe anajua habari za mwani. Mdogo wangu kashamsimulia. Kuanzia hapo kila beseni tunalopita anasimama anawaambia, keun imo, keun imo, na mie nainama naitikia. Nimekuwa mtu mashuhuri kwa dakika ishirini.

Mambo ya pale katikati nitayapitisha haraka maana ilikuwa ni kula tu. Uwanja wa tamasha la filamu, lile lililoanza 1996, kuna vibanda vya hotteok, ni kama andazi lililobanwa kwenye mafuta likawa bapa, analipasua tumbo kwa mkasi anajaza sukari ya kahawia na mbegu za alizeti na maboga, ukiuma sukari inakutiririka mpaka kwenye mkono wa koti, ambalo hapo lishakuwa na pweza. Soko la Bupyeong wanaliita Kkangtong, maana yake kopo, kwa sababu baada ya vita lilikuwa linauza vyakula vya makopo vilivyotoka kwenye kambi za Wamarekani, kwa njia ambazo hakuna aliyeuliza. Humo tukala eomuk, samaki waliosagwa na unga wakasokotwa kwenye vijiti kama mishikaki, wanachemka kwenye supu ya figili. Unakula umesimama, unarundika vijiti, mwisho unahesabiwa vijiti, kama Forodhani tu, na supu ni ya bure kwenye kikombe cha karatasi. Kwa baridi ile ningelipia supu niache samaki. Mie nilikuwa na vijiti vinne. Halmoni alihesabu, akaona ni aibu, akaniongeza wawili.

Supu ya nguruwe na wali ndo chakula ambacho Busan inajivunia kuliko vyote, harufu yake iko kila kona, na Halmoni kila tukipita mgahawa wake ananivuta mkono tuhamie upande wa pili wa njia. Sijui alidhani nguruwe atanirukia.

Kama saa saba tukaingia kwenye vichochoro vya samaki wakavu, karibu na daraja. Hapa nilijisikia nyumbani kuliko popote, kwa pua. Dagaa! Makasha kwa makasha ya dagaa, wamepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini, wa supu, wa kukaanga, wadogo kama kucha ya mtoto. Ngisi wakavu wametundikwa. Na ndani, kwenye duka moja lenye mlango wa mbao wa zamani, mwani.

Sikuwa nimeuona ukiwa mzima. Nyumbani kwa mdogo wangu unakuja ushalowekwa, ushakatwa, unaelea. Hapa umelazwa mzima, urefu wa mita moja na zaidi, mweusi unaong'aa kijani ukiuinua kwenye taa, na chumvi imeganda juu yake kama vumbi la chokaa. Si mwani wetu huu, wetu una matawi matawi, huu ni mpana kama jani la mgomba lililochanwa na upepo. Unatoka Gijang, pwani ya hapo hapo Busan upande wa mashariki, na mwani wa Gijang ulikuwa unapelekwa mpaka kwa mfalme. Nikauinamia nikaunusa. Harufu ni ile ile. Ya uani kwetu, turubai chini, Mama anatufukuza tusikanyage.

Mwenye duka akataja bei, elfu thelathini za kwao, ni kama hamsini na kitu elfu za kwetu, kwa fungu ambalo halifiki hata nusu kilo. Na mie ni mtu wa soko la Darajani, Unguja. Nikamwangalia usoni nikacheka kidogo, nikainua vidole viwili. Elfu ishirini.

Halmoni akanikamata vidole vyote viwili akavikunja. Kwa nguvu. Akamwomba yule baba radhi akiwa kainama, akanigeukia akatikisa kichwa, sijawahi kumwona vile. Nikapiga simu kwa shemeji. Akacheka mpaka mtoto akaamka. Akanieleza: mwani wa mzazi hauombewi punguzo, ukipunguza bei umempunguzia mama au mtoto. Na haukunjwi. Haukatwi. Ukiuvunja ili uingie kwenye mfuko umeomba uzazi wa tabu. Nikamwambia, si keshazaa? Kazaa mwezi uliopita! Akasema, haya mwambie wewe.

Sikumwambia. Nikalipa mie, kwa adabu, bei kamili, na kama faini nikajitolea kuubeba. Kwa hiyo mjue kwamba kuanzia saa saba na nusu mpaka magharibi, kila ninapowaambia tulitembea, tulipanda, tulikaa, mie nimekumbatia fungu la mwani kavu lenye urefu wa mtoto wa darasa la pili, nimelisimamisha wima kifuani, napita nalo kwenye mlango wa basi kiubavu ubavu.

Saa nane kamili, mshale kwenye 8, tulikuwa daraja la Yeongdo. Jumamosi mchana linainuliwa. Lilifunguliwa 1934, daraja la kwanza Korea ambalo upande wake mmoja unanyanyuka meli zipite, likaacha kunyanyuliwa 1966, miaka ikapita, likajengwa upya na likarudi kunyanyuka 2013. King'ora kinalia, magari yanasimama, na kipande cha barabara, lami na mistari yake myeupe na kila kitu, kinainuka taratibu kinasimama juu kama ukuta. Watalii wanapiga picha. Wimbo wa kizamani unaimba kwenye spika. Mie nimesimama na mwani wangu.

Halmoni hakupiga picha. Alitoa simu akaongea na ile apu ya kutafsiri, taratibu, akanipa nisome. Iliandika hivi, kwa Kiswahili cha mashine: "Mama alisubiri kaka daraja. Siku nyingi. Kaka hakuja. Kisha aliuza samaki."

Nikasoma mara mbili. Sikujua kama mashine imekata maneno au ndo yalikuwa hayo tu.

Mengine nilipewa na shemeji usiku. Vita vilipoanza 1950 Busan ikawa mji mkuu wa muda, watu wakamiminika huku kwa sababu hapakuwa na pengine palipobaki, na waliopotezana njiani walikuwa wameshaambiana tukutane daraja la Yeongdo, kwa kuwa ndo jina pekee la Busan ambalo mtu wa mbali alilijua. Wakawa wanakuja wanasimama. Wapiga ramli wakaweka vibanda vyao chini ya daraja, wanawasomea watu kama ndugu yao yuko hai. Bibi yake shemeji alitoka Heungnam, kaskazini, Desemba 1950, kwenye zile meli zilizobeba raia wapatao laki moja wakikimbia, wengi wakashushwa kisiwa cha Geoje hapo jirani. Kaka yake alibaki gatini kutafuta kitu, hakuna anayejua kitu gani. Bibi mwenyewe akaja Busan, akasubiri, akakaa Jagalchi na beseni lake, humo humo kwenye samaki akalea watoto watano. Halmoni ni wa nne.

Daraja likashuka. Tukavuka kwa miguu.

Ng'ambo ni kisiwa, Yeongdo, na kule ndo nilijua mie si kijana. Tulichukua basi kidogo alafu tukashuka kwenye kijiji cha Huinnyeoul, nyumba ndogo nyeupe juu ya jabali, chini bahari imejaa meli za mizigo zimetia nanga zinasubiri, kama ukiwa Dar unatazama kutokea Kigamboni, ila hapa zimepangwa kwa nidhamu. Vijana wamejaa kwenye mikahawa ya kahawa wanajipiga selfi. Kila mgeni wa Busan anapelekwa pia Gamcheon, ule mlima wa nyumba za rangi rangi, nyumba za watu waliohamia huko miaka ya hamsini wakiwa hawana kitu, zikapakwa rangi na kupambwa kuanzia 2009. Halmoni alikataa kunipeleka. Kakulia kwenye mlima kama ule, kapanda ngazi zile na ndoo za maji kichwani, haoni cha kupiga picha pale. Nilipenda sana hiyo.

Kutoka Huinnyeoul kuna njia inafuata ufukwe chini ya jabali, mawe, ngazi, vidaraja, ngazi tena. Wazee wa Korea wanatembea jamani. Wamevaa kama wanaenda kupanda Kilimanjaro, kofia za kivuli, glavu, fimbo mbili, na wanakupita. Halmoni na wenzake wa miaka sabini wananipita mie kwenye ngazi na kusema kitu ambacho lazima kilikuwa "pole". Alafu moja ilikuwa kweli "pole", ilikuwa Halmoni.

Mwisho wa njia, kwenye ghuba ndogo ya Jungni, kuna haenyeo. Wanawake wazamiaji. Hawatumii mitungi ya hewa, wanavuta pumzi wanashuka, wakiibuka wanatoa mluzi mwembamba wa kutoa pumzi ambao una jina lake kabisa, sumbisori. Asili yao ni kisiwa cha Jeju, na utamaduni wao UNESCO waliuandikisha 2016, lakini Yeongdo wapo toka zamani, walihamia na kazi yao. Waliobaki wengi ni wazee. Aliyetuhudumia mikono yake ilikuwa ya Mama. Sina namna nyingine ya kusema. Ile ngozi ya vidole iliyolowa chumvi miaka mingi mpaka ikawa na mistari myeupe isiyotoka, kucha zimekatwa fupi sana, na kovu za vikato vidogo vidogo kwenye kidole cha shahada. Mama anapata zake kwenye taitai. Huyu sijui anapata wapi, kwenye mawe labda.

Akatukatia jongoo bahari. Mbichi. Jongoo, yule yule ambaye kwetu watu wanamwokota wanamuuza kwa wafanyabiashara wa kupeleka China, na ukimwambia mtu wa Jambiani amle atakuapiza. Mpaka kuna kituo pale Beit el Ras, Unguja, cha kuzalisha vifaranga vya samaki na majongoo, tena kilijengwa kwa msaada wa Korea kupitia shirika lao la misaada, KOICA, pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Nimekipita mara ngapi na daladala nikijiuliza nani hasa anakula vitu hivi. Sasa nimekaa juu ya kigoda cha plastiki, upepo unakata masikio, mwani umeegemea goti, na anayekula ni huyu hapa, bibi yake mwanangu, anachovya kwenye pilipili yenye siki na kufumba macho.

Nikala kipande. Kinateleza alafu ghafla kinakuwa kigumu, unakitafuna kinakatika kwa kelele kama gegedu, na ladha si ya samaki, ni ya maji ya bahari yenyewe, kama siku ile ukiwa mdogo umezama ukayameza. Nikala cha pili ili nihakikishe. Cha tatu sikuhitaji. Nikahamia kwenye gimbap, wali uliosokotwa kwenye karatasi ya mwani na mayai ya msumeno wa bahari, hapana, si msumeno, urchini, wale wenye miiba wanaotuchoma miguu tukienda mwambani. Sie tunawakanyaga, wenzetu wanawapasua. Ni ya njano, laini, tamu kwa mbali. Hiyo nilimaliza.

Tulirudi na basi kumeshaingia giza. Simu inasema hatua elfu ishirini na nne. Mwani umevunjika kidogo kwenye ncha moja, nadhani ni kile kidirisha cha basi, na Halmoni aliona, akapindisha ncha ile kwa ndani akaitazama dari.

Alipika yeye. Anauloweka, anausugua, anaukaanga kwanza na mafuta ya ufuta na nyama ya ng'ombe aliyoifuata mwenyewe kwenye duka la Waislamu karibu na msikiti, alafu maji, na muda mrefu. Mie nikapewa kazi ya kushika mtoto. Kwa upande wangu nilikuwa nimechemsha uji wa pilipili manga asubuhi, Halmoni akauonja, akapiga chafya, akamalizia kikombe. Mdogo wangu katikati, bakuli la uji kushoto, la supu kulia, soksi mbili mbili.

Saa mbili usiku Mama akapiga vidio. Kwao ni saa nane mchana, maji yameshajaa, ametoka shamba, nyuma yake uani naona turubai na mwani umeanikwa, mwekundu na kijani. Akamtazama mtoto, akamwombea dua, akamgombeza mdogo wangu kwa kukonda. Alafu akaona bakuli.

"Nini hicho unachokula?"

"Mwani, Mama."

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"Mwani huu huu?"

"Si huu. Mwengine, mpana."

Halmoni aliposikia neno mwani, ambalo nadhani sasa ni la nne, akatoka mbio kwenda jikoni akarudi na mmoja mzima, akausimamisha mbele ya simu kwa mikono miwili, mpaka ncha ikagusa sakafu. Mama akaisogeza simu machoni, tukaona jicho moja tu limejaa kioo kizima. Halmoni akageuza upande wa pili aonyeshe. Mama akatikisa kichwa, taratibu, vile anavyotikisa akiuona mzigo mzuri wa mtu mwengine kwenye mzani.

"Mwulize wananunua kilo kwa bei gani."

Nikamwambia hawauzi kwa kilo, ni kwa fungu, lakini ukipiga hesabu inavuka laki moja. Yeye mara ya mwisho kauza kwa elfu moja kasoro. Jogoo akawika nyuma yake. Mama alikuwa anapiga hesabu, namjua, midomo inacheza.

"Kavu au mbichi?"